Ultrasaundi katika uvujaji wa damu ndani ya jicho

Ultrasaundi ya jicho ni uchunguzi unaotumia mawimbi ya sauti yasiyosikika na binadamu kuonyesha sehemu za ndani ya jicho. Damu inapovuja na kuziba njia ya mwanga, daktari hawezi tena kuiona retina kwa taa na lenzi zake, na hapo ndipo kipimo hiki huhitajika. Kuwepo kwa damu kwa kawaida hujulikana mapema, kwa darubini ya macho. Kinachotafutwa ni kilichojificha nyuma yake, na hasa iwapo retina bado imeshikamana na ukuta wa jicho. Jibu la swali hilo huamua kama mgonjwa anaweza kusubiri wiki kadhaa au anahitaji upasuaji ndani ya siku chache.

Chanzo cha damu

Nyuma ya lenzi kuna chumba kilichojaa ute mzito na mwangavu wenye ujazo wa takriban mililita 4, yaani karibu asilimia 80 ya ujazo wa jicho lote. Ute huo hauna mishipa ya damu, hivyo damu inayoonekana ndani yake imetoka kwingine, aghalabu kwenye mishipa ya retina. Mgonjwa huona ghafla vidoa au nyuzi nyeusi zinazoelea, ukungu mwekundu, au hupoteza uoni kabisa. Kama hakuna jeraha, kwa kawaida hapati maumivu.

Visababishi vikuu ni vitatu. Cha kwanza ni kisukari cha muda mrefu, ambacho huotesha juu ya retina mishipa mipya iliyo dhaifu na rahisi kupasuka. Cha pili ni ute wa jicho kujitenga na retina kadiri umri unavyosonga. Tukio hilo ni la kawaida, lakini ute unaweza kuvuta na kuchana retina au mshipa wake. Cha tatu ni jeraha. Vingine ni kuziba kwa vena ya retina, selimundu, uvimbe ndani ya jicho, na ugonjwa wa Terson, ambao ni damu ya jichoni inayoambatana na uvujaji wa damu kuzunguka ubongo. Kwa mtu asiye na kisukari wala jeraha, damu iliyotokea ghafla huchukuliwa kuwa ishara ya retina iliyochanika hadi uchunguzi utakapothibitisha vinginevyo.

Historia

Mwaka 1956 Mundt na Hughes wa Marekani waliripoti matumizi ya mwangwi wa sauti kuchunguza uvimbe ndani ya jicho, na muda mfupi baadaye Arvo Oksala na Antti Lehtinen wa Finland wakaendeleza kazi hiyo. Picha zao zilikuwa michoro ya vilele tu. Mwaka 1958 Gilbert Baum na Ivan Greenwood walionyesha picha ya pande mbili, ingawa jicho lililazimika kuzamishwa kwenye maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Nathaniel Bronson alileta kifaa cha mkononi kinachogusishwa moja kwa moja juu ya kope, na uchunguzi ukawezekana katika kliniki ya kawaida. Karl Ossoinig wa Austria naye aliweka kanuni za kupima nguvu ya mwangwi ili tishu mbalimbali ziweze kutofautishwa.

Katika kipindi hichohicho Robert Machemer, akifanya kazi Miami, alibuni upasuaji wa kuondoa ute wa jicho kupitia matundu madogo. Kabla ya hapo, kujua hali ya retina nyuma ya damu kulimsaidia mgonjwa kidogo sana, kwa kuwa damu yenyewe haikuweza kutolewa. Upasuaji huo ulipoenea, ultrasaundi ikawa sehemu ya maandalizi yake.

Misingi

Mashine nyingi za macho hutumia mawimbi ya megahezi 10 hivi. Ndani ya ute wa jicho sauti husafiri kwa mwendo wa mita 1,532 kwa sekunde, na kwa jicho lenye urefu wa milimita 24, mawimbi huenda na kurudi kwa takriban mikrosekunde 31. Kila yanapokutana na mpaka wa tishu mbili zisizofanana, sehemu yake hurudi kama mwangwi. Mwangwi huo huonyeshwa kwa namna mbili: mtindo A hutoa vilele ambavyo urefu wake hupima nguvu ya mwangwi, na mtindo B hutoa picha ya mkato wa jicho.

Urefu wa wimbi la megahezi 10 ni karibu milimita 0.15, wakati seli nyekundu ya damu haifiki milimita 0.01. Kwa sababu hiyo damu mbichi iliyotawanyika sawasawa hurudisha mwangwi hafifu, hata kama imeziba uoni wote. Ikianza kuganda na kujikusanya, mwangwi huongezeka. Basi kiasi cha damu kinachoonekana kwenye skrini hakilingani moja kwa moja na kiwango cha uoni alichopoteza mgonjwa.

Namna ya kuchunguza

Mgonjwa hulala au huegemea. Jicho hutiwa tone la dawa ya ganzi na probu huwekwa juu yake, au kope hufungwa na kupakwa jeli. Probu huwekwa mkabala na sehemu inayotafutwa: kuchunguza retina ya juu, mgonjwa huangalia juu na probu hukaa upande wa chini. Kila robo ya jicho hupitiwa kwa mikato ya kulala na ya kusimama, na mahali pa kasoro hutajwa kwa kufuata namba za uso wa saa.

Mchunguzi huanza na kiwango kikubwa cha kukuza mwangwi, mara nyingi desibeli 80 hadi 90, ili vitone hafifu vya damu vionekane. Kisha hukishusha hadi 60 au 70. Kinachofifia mapema ni ute au damu, na kinachobaki king'avu yamkini ni retina. Baadaye mgonjwa huambiwa azungushe jicho na kulituliza, huku mchunguzi akitazama utando ulioonekana unavyotikisika. Picha moja iliyotulia haitoshi, kwa kuwa mwendo huo ni sehemu ya utambuzi.

Kinachoonekana

*Damu ndani ya ute.* Damu mbichi huonekana kama vitone vidogo vinavyozunguka jicho linapogeuka. Ya siku nyingi hushuka kwa uzito wake na kutanda upande wa chini, ambako tabaka lake linaweza kudhaniwa kuwa retina iliyobanduka.

*Ute uliojitenga.* Ni utando mwembamba unaopepea kama pazia jepesi na kufifia ukuzaji unaposhushwa. Ukipakwa damu huonekana mnene na kung'aa zaidi, na hapo ndipo huchanganywa na retina.

*Retina iliyobanduka.* Ni utando mng'avu, wenye mikunjo, ambao haufifii kirahisi. Ikiwa imebanduka yote, huwa imeshikamana kwenye kichwa cha neva ya jicho kwa nyuma na karibu na ukingo wa retina kwa mbele, ikachora umbo la V. Ikikaa muda mrefu hukakamaa, mwendo wake hupungua, na V inaweza kujifunga ikawa T. Katika kisukari retina huvutwa na makovu, hivyo huinuka kama hema au meza badala ya kupepea.

*Retina iliyochanika.* Kipande kifupi huonekana kimeinuka, mara nyingi sehemu ya juu upande wa kipajini, kikiwa kimeshikwa na ute unaokivuta.

*Koroidi iliyobanduka.* Koroidi, yaani tabaka la mishipa ya damu lililo nyuma ya retina, huonekana kama kuba nene na laini lisilotikisika sana, na kwa kawaida halifiki kwenye neva ya jicho.

*Kitu kigeni na uvimbe.* Kipande cha chuma hutoa mwangwi mkali wenye kivuli nyuma yake. Saratani ya melanoma ni donge gumu linaloota kutoka kwenye koroidi, na wakati mwingine huwa na umbo la uyoga.

Ukomo wa kipimo

Vitone ndani ya ute si damu kila mara. Usaha na seli za uvimbe wa ndani ya jicho huweza kufanana nayo, kwa hiyo maumivu, wekundu na historia ya upasuaji wa karibuni huzingatiwa pamoja na picha. Gesi iliyowekwa jichoni wakati wa upasuaji huzuia sauti kupita, na mafuta ya silikoni huipunguza mwendo, jicho likaonekana refu kuliko lilivyo.

Ustadi wa mchunguzi nao una uzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, wa wagonjwa 225 katika vitengo vya dharura nchini Marekani, ulionyesha kuwa madaktari wa dharura walitambua karibu asilimia 97 ya retina zilizobanduka na asilimia 82 ya damu ndani ya ute, lakini chini ya nusu ya ute uliojitenga. Picha isiyo na kasoro kutoka kitengo cha dharura haimwondolei mgonjwa haja ya kuonwa na daktari bingwa wa macho.

Usalama

Kipimo hakitumii mionzi. Hata hivyo tishu za jicho ni nyeti, na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imeweka kikomo cha nguvu ya mawimbi cha miliwati 50 kwa sentimita ya mraba, chini sana kuliko kwa viungo vingine. Mashine ya tumbo au ya wajawazito isitumike jichoni kabla ya kubadilishwa mpangilio wake. Hatari kubwa zaidi ni mgandamizo: jicho linaloshukiwa kupasuka halibonyezwi, kwani vilivyomo vinaweza kusukumwa nje. Kwa kawaida jeraha hushonwa kwanza.

Nafasi katika matibabu

Retina ikiwa imeshikamana kwa mgonjwa wa kisukari, daktari anaweza kusubiri damu ifyonzwe, kuchoma sindano za kuzuia mishipa mipya, kupiga leza pale retina inapoonekana, au kuondoa ute kwa upasuaji. Mgonjwa hushauriwa alale akiinua kichwa ili damu ishuke. Retina iliyovutwa na makovu mbali na kitovu cha uoni huweza kufuatiliwa, bali mvuto ukikigusa kitovu hicho upasuaji huharakishwa. Retina iliyochanika huzungushiwa leza au baridi kali ya kugandisha, na iliyobanduka kwa kuchanika hupasuliwa mapema. Pale chanzo kisipojulikana na damu ikiendelea kuziba, kipimo hurudiwa kila wiki moja au mbili, kwa sababu retina iliyoshikamana leo inaweza kubanduka wakati wa kusubiri.

Ripoti kamili hutaja wingi na mahali pa damu, hali ya ute, hali ya retina katika kila robo, uwepo wa mchaniko, uvimbe au kitu kigeni, na hali ya kitovu cha uoni. Sehemu ambayo haikuonekana vizuri hutajwa pia, ili daktari mpasuaji asiidhanie kuwa salama.