SUTAMA: HOMA ILIYOPELELEZWA GEREZANI NA KAMBINI



Kamati imeniomba niandike habari ya historia kwa toleo hili la ukumbusho. Nimechagua ugonjwa wa sutama, kwa kuwa uliwapata Warundi wakiwa katika hali tunayoijua: kulala wengi mahali padogo, mablanketi machache, maji ya shida.

Sisi tuliotoka Kinanira na mitaa mingine ya Bujumbura, penye joto, tulizoea malaria na kipindupindu. Sutama ilikuwa ya milimani, penye baridi, ambako mtu mwenye nguo moja haivui usiku wala mchana. Vita vilipoanza mwaka 1993, watu wengi walihama makwao wakaishi kambini ndani ya nchi yao wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1995 homa kali ilizuka katika gereza la Ngozi, pamoja na maumivu ya kichwa na udhaifu mkubwa.

Lakini homa ni nyingi. Ni ipi hii? Hapo ndipo kazi ya mpelelezi wa magonjwa huanza. Wataalamu walipima damu ya wagonjwa tisa wa gerezani, na wote wakaonekana wameambukizwa vijidudu vya homa ya chawa. Hii si taifodi, ambayo hupatikana kwa kula na kunywa uchafu. Chawa wa nguo ndiye huieneza: hunya juu ya ngozi, mtu akajikuna, vijidudu vikaingia. Chawa huukimbia mwili wenye homa kali, na mwili wa maiti pia, akatafuta mwenye afya.

Mwaka 1997 Didier Raoult wa Marseille na wenzake wa Burundi waliwapima wagonjwa na chawa wao kambini. Kufikia Septemba mwaka huo wagonjwa walikuwa wamepita 40,000. Ulikuwa mlipuko mkubwa kuliko wote wa homa hiyo tangu Vita Vikuu vya Pili. Hata hivyo dawa yake ni rahisi: doksisaiklini miligramu 200, mara moja tu.

Siri ya chawa ilifichuliwa Tunis mwaka 1909 na daktari Charles Nicolle. Aliona kwamba mgonjwa huambukiza watu hadi mlangoni mwa hospitali, lakini akishaoga na kuvuliwa nguo zake, haambukizi tena. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1928.

Leo kazi hii ina mafunzo yake. Marekani ilianzisha mwaka 1951, Kenya mwaka 2004, Tanzania mwaka 2008. Sehemu kubwa ya masomo si darasani. Kama sisi walimu tunavyopelekwa mazoezini, mwanafunzi hutumwa penye mlipuko. Huanza kwa kuhakikisha ugonjwa ni upi, akaamua nani ahesabiwe mgonjwa. Kisha huandika orodha: nani, umri gani, aliugua lini, alilala wapi, na nani. Orodha hiyo ikisomwa vizuri, huonyesha chanzo.

Neno orodha, ndugu zangu, linatutia hofu. Sisi wakimbizi tunajua orodha zilizotafuta watu usiku. Ndiyo maana mhudumu wa afya akibisha hodi na daftari, mama mwingine humficha mtoto mwenye homa chini ya blanketi, na mwingine huona haya kutaja chawa. Tusiwalaumu. Lakini tuwaeleze kwamba orodha ya mpelelezi wa magonjwa yamtafuta chawa, yakitafuta kisima kichafu. Na mhudumu naye aseme daftari lake litasomwa na nani, maana imani haiombwi kwa amri.

Wafungwa wa Ngozi na watu wa kambini walitoa damu zao na chawa wao, na dunia ikajua. Tuwakumbuke leo. Na homa ikiingia nyumbani, tuseme mapema.