Bendi Iliyobeba Jina la Milima Yetu

Mtaje Samba Mapangala mbele ya mtu aliyekuwa kijana Nairobi miaka ya 1980, naye atakujibu kwa jina la wimbo: Malako. Mwingine atasema Vunja Mifupa, wa tatu Dunia Tunapita, na kabla soda haijafika mezani mtakuwa mmeshaingia kwenye ubishi wa nani alipiga gitaa lipi. Sijakutana na mtu aliyeanza na Les Gorilles des Montagnes. Wimbo huo umo katika albamu ya Maisha ni Matamu, ya mwaka 2011, wakati bendi nyingi za rika hilo zilikuwa zimebaki jina tu. Ni wimbo mwepesi, wa kuchezeka, unaofaa jua la likizo na mlango wa nyumba ukiwa wazi. Unawasemea gorila wa milimani, na gorila hao wanaishi kwenye miteremko tunayoiona kutoka Goma asubuhi ambayo mawingu hayajashuka.

Wapenzi wake tupo, ila wachache. Tunatumiana kwa simu, tunaupiga nyumbani wageni wakiwa wachache, tunaambiwa tuweke Malako. Nasema bila kuuma maneno: wimbo huu ni bora kuliko sifa ulizopewa, na mji uliopaswa kuutetea kwanza ni Goma, maana bendi iliyouimba inaitwa Orchestra Virunga.

Jina hilo lilifikaje Nairobi? Hapo ndipo njia inapoanzia, na inaanzia mbali na hapa. Mapangala ni mzaliwa wa Matadi, mji wa bandari kwenye mto Kongo, zaidi ya kilomita 1,500 magharibi ya volkano yetu ya Nyiragongo. Alikua kimuziki Kinshasa, akaimba kwenye bendi za vijana, kisha katikati ya miaka ya 1970 akaelekea mashariki. Hakuwa peke yake. Mwaka 1973 Mobutu alitangaza kuwanyang'anya wageni biashara zao na kuwagawia Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo, na haikupita muda bei ya shaba ikaporomoka. Maduka yakawa matupu na fedha za kununulia vifaa nje zikaadimika. Mwanamuziki asiye na mlezi mkubwa alikuwa na gitaa na njaa.

Mashariki kulikuwa na Nairobi. Wakongo waliijua njia hiyo tangu zamani: Jean Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga, alikuwa ameshafika huko mwishoni mwa miaka ya 1950, akatangaza hata dawa ya Aspro. Kilichowavuta wale wa miaka ya 1970 kilikuwa kitu cha wazi kabisa: Nairobi kulikuwa na studio, kiwanda cha kuchapa santuri, na kampuni zilizozisambaza hadi Dar es Salaam, Kampala na Lusaka. Mtu aliyerekodi Jumatatu angeweza kujisikia kwenye baa mwezi uliofuata. Wa kusini walipita Zambia na Tanzania. Ndivyo Super Mazembe walivyofika Nairobi mwaka 1974, na Baba Gaston naye alipitia Dar es Salaam kabla ya kuingia Kenya. Mapangala alishika njia ya Uganda. Kampala ya Idi Amin haikuwa mahali pa kutulia, lakini watu walicheza hata huko, na bendi yake ya Les Kinois ilipata kazi.

Mwaka 1977 wakaingia Nairobi. Huo ulikuwa mwaka mgumu kwa ukanda mzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Kwetu ulianza kwa moto: tarehe 10 Januari ziwa la lava la Nyiragongo lilipasua ubavu wa mlima na kumwagika kwa muda usiotimia saa moja, uji wenyewe mwepesi ukikimbia kuliko mtu. Vijiji vilimezwa pamoja na waliokuwa ndani. Wazee wa Goma bado wanahesabu umri wa watoto kwa mlipuko huo, kama vijana wa leo wanavyohesabu kwa ule wa 2002.

Les Kinois walipotawanyika, Mapangala alikusanya watu wengine na mwaka 1981 ikazaliwa Orchestra Virunga, yenye jina la safu ya volkano. Mtu wa Matadi, aliyezaliwa karibu na Atlantiki, alichukua milima ya Kivu akaiweka kwenye bango la klabu ya Nairobi. Kibiashara alikuwa amepatia, maana jina linatamkika kwa kila lugha ya huku na lina moshi ndani yake. Lakini ukichukua jina la mahali unachukua na deni lake.

Deni hilo lilikaa miaka mingi bila kudaiwa, kwa sababu muziki wenyewe ulitosha. Virunga walipiga kwenye klabu ya Starlight, baadaye Garden Square, na waliokuwapo wanakumbuka jinsi watu walivyokuwa hawakai. Nyimbo zilikuwa ndefu. Zilianza taratibu, sauti ya juu ya Mapangala ikipanda bila kujikaza, wenzake wakimjibu, saksafoni ikipita katikati. Halafu gitaa zikaachiwa, na hapo ndipo mpenzi wa Virunga hutambulikana, kwani hachezi kwa fujo, anasubiri kila gitaa liingie. Kasongo wa Kanema, aliyekuwa sauti kubwa ya Super Mazembe, naye aliimba Virunga. Kisha Ulaya wakasikia: kampuni ya Earthworks ilizikusanya nyimbo za mwanzo kwenye Virunga Volcano ya mwaka 1990, na mwaka uliofuata ikatoka Feet on Fire kwa Stern's ya London. Bango la Nairobi likawa limefika dirishani pa duka la santuri la Uingereza, na Mzungu asiyejua Goma iko wapi akajifunza kutamka Virunga.

Huku nyuma mambo yalikuwa yakiharibika. Wanamuziki wa Kongo walioishi Kenya walisumbuliwa na vibali vya kazi mwaka hadi mwaka, bendi zikavunjika kwa sababu ya karatasi, na mwishowe Mapangala mwenyewe akahamia Marekani. Mwaka 2008 aliimba Obama Ubarikiwe, ikasikika kweli. Miaka mitatu baadaye akaleta wimbo wa gorila.

Sasa tutoke Goma kwa barabara ya kaskazini, maana wimbo huu una barabara yake. Unaacha mji, unapita Kibati kwenye mawe meusi ya lava, Nyiragongo ikiwa kushoto, na kama kilomita 45 hivi unafika Rumangabo, makao ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ya kwanza barani Afrika. Ukiendelea unafika Rutshuru, unakata kulia kwenda Bunagana, unavuka, na Kisoro ya Uganda iko hapo hapo chini ya mlima Muhavura. Kutoka Kisoro unapanda Kabale, unashuka Mbarara, Kampala, na Nairobi inakusubiri mbele. Biashara yote ya Goma imetembea humo: maharage, kahawa, mbao, na redio za kaseti zilizorudi zimejaa nyimbo za wenzetu waliokwenda.

Mwaka 1967 alipita humo Dian Fossey, tena kwa haraka. Alikuwa ameanza kuwachunguza gorila Kabara, chini ya mlima Mikeno, mwezi wa Januari. Vita vya Kivu vikazuka, na Julai askari walimshusha mlimani wakamweka Rumangabo. Alitoroka kwa kupitia Bunagana hadi Kisoro, na Septemba akaanza upya upande wa Rwanda, kazi iliyompa jina duniani. Ndiyo maana dunia inawadhani gorila hao ni wa Rwanda peke yake. Hilo huwa linanikera, lakini tuliwapoteza sisi kwa vita vyetu.

Rumangabo hiyo hiyo ndiko waliko mayatima wa gorila. Julai 2007 gorila wa familia ya Rugendo walipigwa risasi, akiwemo dume mkuu Senkwekwe. Hawakuuawa kwa ajili ya nyama wala ngozi. Mizoga iliachwa ilale. Uchunguzi ulielekeza kwenye biashara ya makala, huo mkaa unaochomwa kwenye misitu ya hifadhi na kuletwa mjini kwa magunia. Mlima wenye gorila hulindwa. Mlima usio na gorila hukatwa. Na makala hayo yalikuwa yakienda wapi? Jikoni kwetu. Sombe iliyopikwa Birere, sambaza zilizokaangwa Himbi, zimeivia juu ya msitu ule. Mwaka 2010 kituo cha mayatima kilifunguliwa kwa jina la Senkwekwe, na hapo ndipo wimbo wa Mapangala unapoingia, mwaka mmoja baadaye.

Kuna hesabu moja ninayoipenda. Mwaka 1981, bendi ilipozaliwa, sensa ilihesabu gorila wapatao 254 katika safu nzima ya Virunga, nchi zote tatu kwa pamoja. Sensa ya mwaka 2010 ilipata 480. Ile ya 2015 na 2016 ikafika 604. Bendi na wanyama waliobeba jina moja walizeeka na kuongezeka sambamba, pasipo kujuana, na bendi ndiyo iliyotangulia kusalimu.

Kwa nini basi wimbo haukupokewa? Jina la Kifaransa liliwapa kisogo wa Nairobi, hilo moja. Ulitoka wakati ambapo santuri hainunuliwi tena na wimbo usio na video kali hupita kama mvua ya Februari, hilo nalo. Lakini kikubwa zaidi, nadhani, ni kwamba sisi wapenzi wa rumba tuna ubaguzi: wimbo ukishasikika una ujumbe, tunaupeleka semina. Mapenzi, usaliti, sifa za tajiri aliyetoa noti, hayo tunayaita muziki. Mnyama na msitu tunaviita mradi. Tungekuwa wakweli, tungekumbuka kuwa nyimbo za kumsifu tajiri nazo zilikuwa mradi, tena wenye mfadhili anayekaa meza ya mbele.

Na Goma ina kinyongo chake. Niliwahi kumpigia wimbo huu kijana mmoja wa pikipiki tulipokuwa tunangoja mvua ikatike karibu na soko la Virunga. Alitikisa kichwa kufuata gitaa, kisha akauliza, "Papa, huyu mzee anaimbia nyama?" Nikamwambia ndiyo, anaimbia gorila wa pale juu. Akacheka. "Bale ni ba wazungu, papa. Siye hata kukanyaga kule hatuwezi."

Sikuweza kumbishia sana. Mpaka wa hifadhi umewanyima mashamba watu wenye njaa, na kibali cha kuwaona gorila kiligharimu fedha ambazo mkulima wa Jomba hazioni kwa msimu. Walinzi zaidi ya 200 wamekufa wakiilinda, nao pia ni watoto wa huku. Na raia waliouawa au kufukuzwa humo hawajahesabiwa kwa uangalifu huo. Mtu anaweza kuupenda wimbo na bado akataka hesabu hiyo ifanywe. Lakini kijana alipowasha pikipiki, alikuwa bado anapiga mluzi kiitikio, na kwangu hilo ni jibu la upande wa muziki.

Barabara ile tuliyoifuata sasa ni ya vita. Bunagana ilitekwa na waasi wa M23 Juni 2022, Goma yenyewe mwishoni mwa Januari 2025, na uwanja wa ndege ukafungwa. Gorila wako nyuma ya mistari ya askari. Kuusikiliza wimbo mchangamfu juu yao katika hali hii kunaweza kuonekana utani. Mimi naona kinyume. Mapangala angeweza kuimba kilio, sauti yake inakiweza. Akachagua ngoma ya kuinua watu kwenye viti, akawataja gorila kama majirani wanaostahili sherehe. Wimbo wa kilio ungezeeka na habari za mwaka ule. Huu haujazeeka.

Nyimbo hufufuka, hilo tumeliona majuzi. Kasongo wa Super Mazembe, wa miaka ya 1970, ulikuwa wa wazee na wa vipindi vya Jumapili, hadi mwishoni mwa 2024 vijana wa Kenya walipoutwaa na kumbandika Rais Ruto jina hilo. Waliozaliwa miaka 25 baada ya kurekodiwa walikuwa wanauimba kwenye matatu. Hakuna aliyeupanga ufufuo huo, na hakuna aliyelipia. Ulihitaji tu mtu wa kwanza kuupiga mahali penye watu.

Kwa hiyo naomba kwa watangazaji wa redio za Goma, hasa wenye vipindi vya jioni vya nyimbo za zamani: baada ya Malako, msirudi moja kwa moja kwa Franco. Pigeni Les Gorilles des Montagnes, wote, bila kuukata gitaa zinapoachiwa, na mtaje bendi kwa jina lake kamili: Samba Mapangala na Orchestra Virunga.