Gari moja la majitaka, halmashauri mbili

Gari la kuzibua mabomba ya majitaka ni ghali, na katika mji mdogo laweza kukaa siku nyingi bila kazi. Ndiyo maana halmashauri jirani huweza kuchangia moja na kulitumia kwa zamu. Dar es Salaam, yenye halmashauri 5, huduma ya majitaka iko chini ya mamlaka moja, DAWASA.

Tueleze linavyofanya kazi. Gari husukuma maji kwa nguvu kupitia mpira mrefu. Matundu ya kichwa cha mpira yanatazama nyuma, hivyo mpira husonga mbele na uchafu hurudi kwenye chemba, ukanyonywa. Hakuna haja ya mtu kuingia chemba, ambamo hewa ya sumu huweza kumuua kwa dakika chache.

Ugumu uko kwenye makubaliano. Yaandikwe mapema: nani analipa mafuta, dereva na matengenezo? Mabomba yakiziba pande zote siku moja, nani aanze? Sisi tunaona aanze yule ambaye majitaka yake yanaelekea kisimani au mtoni. Muulizeni diwani wenu kabla gari halijanunuliwa.