HOFU ZA WATOTO, SEHEMU YA 3: Chui wa Unguja na filamu za wanyama wauaji



Swali ninaloulizwa sana kliniki ni hili: "Nesi, mwanangu akitazama filamu ya nyoka au papa anayekula watu, usiku halali, mara nyengine anakojoa kitandani. Lakini kesho anaitaka ileile! Ana nini?"

Hana kitu. Akitishika, moyo unaenda mbio, viganja vinatoka jasho, mwili unajitayarisha kukimbia. Papo hapo akili inajua kwamba yuko kwenye mkeka na mama yupo jikoni. Hofu ikipita inabaki nafuu, na nafuu hiyo ina utamu wake. Ndo mana anarudi.

Utamu huu si mgeni kwetu. Mji Mkongwe ulipata jumba la sinema la Royal pale Vuga mwaka 1921, likaja kuitwa Majestic, likaungua 1954 na kujengwa upya. Bibi zetu wamelia, wamecheka na wametishika kwenye kiza kile, kisha taa zikawashwa wakarudi nyumbani.

Hizo taa kuwashwa ndiyo siri yenyewe. Tazameni simba wa Tsavo, Kenya. Mwaka 1898 madume mawili yaliwaandama wajenzi wa reli iliyotoka Mombasa kwenda Uganda, yakiwatoa watu mahemani usiku. Mkuu wao, Patterson, aliwaua simba hao Desemba. Baadaye akadai walikula watu 135. Uchunguzi wa mifupa na nywele zao uliotolewa 2009 ulikadiria kama 35. Hollywood ikatengeneza Bwana Devil mwaka 1952 na The Ghost and the Darkness mwaka 1996. Simba wa filamu hii ya pili wana manyoya mazito shingoni, ingawa wale wa kweli hawakuwa nayo. Sisi tunatazama kwa saa mbili, tunazima. Mjenzi wa reli hakuwa na cha kuzima. Kazi ilisimama, mamia wakakimbia.

Sasa turudi kwetu. Watoto wengi hawajui kwamba Unguja ilikuwa na chui wake. Bahari ilipopanda zamani sana na kutukata na bara, alibaki kisiwani, akawa mdogo kuliko wenziwe wa bara, madoa yake madogomadogo. Mwaka 1932 mtaalamu wa London, Pocock, alimwandika kuwa ni aina ya peke yake.

Karne iliyopita watu waliongezeka, misitu ikakatwa kwa ajili ya mashamba, paa wakawindwa. Chui aliyekosa windo porini akafuata mbuzi na kuku vijijini. Wakati mwengine hata watoto walidhurika. Jamani, mama aliyekuwa na mtoto mchanga nyumba ya makuti ukingoni mwa msitu, hofu yake haikuwa mchezo.

Hofu isiyozimika hutafuta mwenyewe. Watu hawakuuliza tu "chui katoka wapi?" Waliuliza "chui wa nani?" Ikaaminiwa kwamba wako wachawi wanaofuga chui na kuwatuma kwa majirani. Mbuzi akiliwa, anatajwa mtu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mganga mashuhuri, Kitanzi, aliongoza kampeni iliyowaandama chui na waliotuhumiwa uchawi kwa pamoja. Chui wakauliwa. Miaka ya tisini watafiti wengi walishamhesabu kuwa ametoweka. Mwaka 2018 kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani kilionyesha picha ya kamera ya usiku wakisema ni yeye, lakini ubishi haujesha.

Mtasema hayo ya zamani. Haya, 1995 je? Popobawa alipovuma Pemba na Unguja, familia zililala nje zimekusanyika, moto unawaka. Na hapa mjini mtu mwenye maradhi ya akili alishikwa na kundi la watu, akaambiwa ndiye popobawa, akauawa. Mimi ni muuguzi. Mtu yule alihitaji tiba, na hofu ya watu ndiyo iliyommaliza.

Kwa hivyo, mama zangu, filamu ya nyoka siyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mtoto akijua mwisho wake upo wapi, hofu ile ni mazoezi. Ninachokiogopa ni hofu tunayompa sisi bila ya mwisho: "Nyamaza, bibi wa nyumba ile atakutumia chui." Hiyo haizimwi. Na pale pale umeshamfundisha kumwogopa mzee anayeishi peke yake, ambaye huenda kesho akahitaji mtu wa kumfikishia maji.

Fanyeni hivi. Mtazameni pamoja, mchana, na kwa umri wake. Mdogo wa miaka mitatu, minne bado hatenganishi picha na kweli, mwacheni. Ikisha, mwambie akuhadithie ilivyomalizika, kisha muulize simba yule katengenezwa vipi. Akikojoa kitandani, usimpige wala kumcheka mbele ya wenziwe. Ndoto mbaya zikidumu wiki kadhaa, au akikataa skuli, mlete kituo cha afya tumwangalie.

Na akikuuliza kama Unguja kuna chui, mwambie ukweli: alikuwepo, alikuwa mzuri, tukamwogopa. Mwambie pia kwamba hakuwa wa mtu.

Tukijaaliwa, sehemu ya 4 tutazungumzia kiza: mtoto asiyelala bila taa. Andikeni maswali yenu hapo chini, nitayasoma nikitoka zamu.