Kipimo Wakilishi: Uasidi wa Bahari ya Kale katika Magamba ya Foraminifera

Kipimo wakilishi ni kiasi kinachopimwa leo ili kukadiria hali ya kale ambayo yenyewe haiwezi kupimwa tena, kwa sharti kwamba uhusiano kati ya viwili hivyo unaeleweka kwa kanuni za sayansi. Hewa ya zamani iliyonaswa katika barafu ya Antaktika hupimwa moja kwa moja, lakini kumbukumbu yake isiyokatika inarudi nyuma takriban miaka 800,000 tu. Kabla ya hapo, mtafiti anayetaka kujua uasidi wa bahari au kiasi cha kabonidayoksaidi angani, ile ambayo magazeti huiita hewa ukaa, hana budi kutegemea vipimo wakilishi.

Neno kiwakilishi peke yake lingekuwa fupi zaidi, lakini sarufi imekwisha kulitwaa kwa maneno yanayosimama badala ya nomino, na wala halionyeshi kwamba kuna kitu kilichopimwa. Neno ushahidi nalo ni pana mno, kwa kuwa ushahidi waweza kuthibitisha kwamba jambo lilitokea bila kueleza lilitokea kwa kiasi gani. Uasidi pia unahitaji uangalifu, maana maji ya bahari ni ya alikali: wastani wa pH ya tabaka lake la juu ni takriban 8.1 leo, kutoka 8.2 kabla ya mapinduzi ya viwanda, na kwa kuwa kila hatua moja ya skeli hiyo ni badiliko la mara kumi, upungufu huo wa 0.1 ni ongezeko la takriban asilimia 26 la ioni za hidrojeni. Kuongezeka kwa uasidi, basi, ni kupungua kwa alikali hiyo, wala si bahari kugeuka tindikali.

Foraminifera ni viumbe wa seli moja ambao wengi wao hujijengea gamba la kalisi kaboneti, na jina lao la Kilatini lina maana ya wabeba matundu. Wanapokufa magamba yao huzama na kuwa visukuku, yakiwa na chembe za boroni zilizochotwa katika maji. Boroni iliyoyeyuka baharini huwa katika sura mbili, asidi ya boriki na ioni ya borati, na kadiri pH inavyopanda ndivyo borati inavyoongezeka. Elementi hiyo ina pia isotopu mbili thabiti, yaani atomi za aina moja zinazotofautiana kwa uzito: boroni-11, ambayo ni takriban asilimia 80, na boroni-10. Isotopu nzito huelekea zaidi kwenye asidi ya boriki na nyepesi kwenye borati, kwa tofauti ya takriban sehemu 27 kwa elfu. Hivyo pH inaposhuka na borati kubaki fungu dogo la boroni yote, fungu hilo huwa na uwiano mdogo zaidi wa boroni-11. Kwa kuwa ni borati hasa inayoingia katika gamba, uwiano wa isotopu ndani ya gamba hufuata pH ya maji yaliyolijenga, ingawa spishi zinazofuga mwani hubadilisha pH ya maji yanayozizunguka, na kwa sababu hiyo kila spishi huhitaji kulinganishwa na jamaa zake walio hai.

Yote hayo hayafai kitu ikiwa gamba limebadilishwa na muda, na hapa ndipo pwani ya kusini ya Tanzania inapopata nafasi yake kubwa katika sayansi hii. Magamba mengi ya kale yaliyotolewa kwenye sakafu ya bahari yameundwa upya fuwele zake na kuwa meupe, lakini udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na Lindi, usiopitisha maji kwa urahisi na ambao haukufukiwa kwa kina kirefu, umeyahifadhi yakiwa angavu kama kioo. Mwaka 2009 Paul Pearson, Gavin Foster na Bridget Wade walichapisha vipimo vya boroni kutoka katika sampuli zilizochorongwa huko, vinavyohusu mpito wa kutoka Eosini kwenda Oligosini, takriban miaka milioni 34 iliyopita, wakati barafu kubwa ilipojengeka Antaktika. Kwa makadirio yao, kabonidayoksaidi ilipungua kabla ya awamu kuu ya ukuaji wa barafu, ikapanda tena ghafla, kisha ikashuka polepole.

Hata hivyo pH peke yake haitoi kiasi cha gesi, kwa kuwa kemia ya kaboni baharini huhitaji kigezo cha pili, kama vile uwezo wa maji wa kukabili asidi, na uwiano wa boroni katika bahari nzima ya wakati ule nao hukadiriwa tu. Ndiyo maana kadirio lao la kati, sehemu 760 za kabonidayoksaidi kwa kila milioni ya hewa wakati barafu ilipokua zaidi, lilitolewa pamoja na mipaka ya takriban 450 na 1,500, na mwandishi anayeinukuu 760 bila mipaka hiyo anaigeuza kuwa kipimo cha moja kwa moja.