Rejeta ya lori kuukuu: Shaba au alumini?

Na Mwandishi Wetu

LORI linapochemsha katikati ya mlima Kitonga, mkoani Iringa, dereva hana nafasi ya kujiuliza rejeta yake imetengenezwa kwa metali gani. Kwanza huweka jiwe nyuma ya tairi, kisha hutandaza matawi barabarani kuwaonya wenzake, na baada ya hapo husubiri mvuke upungue. Swali la metali lilipaswa kuulizwa mapema zaidi, siku tajiri wa lori aliposimama dukani kuchagua rejeta mpya badala ya ile iliyochoka.

Siku hizo wengi huangalia mambo mawili tu: bei, na kama rejeta inaingia mahali pa ile ya zamani. Rejeta ya alumini aghalabu huwa nafuu na nyepesi, na muuzaji atasema ndiyo ya kisasa. Fundi wa mtaani atasema hakuna kama shaba. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, lakini anayebeba hasara ni mwenye lori. Rejeta ikishindwa kazi mlimani, silinda hedi huweza kupinda na gasketi kuungua, na gharama ya kufungua injini ni kubwa kuliko ile ya rejeta yenyewe.

Zinavyotengenezwa

Malori yaliyoundwa hadi miaka ya 1980, kama vile Bedford, Leyland, Fiat na Scania 111, kwa sehemu kubwa yalitoka kiwandani na rejeta za shaba. Ndani yake kuna mirija bapa ya shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, na kati ya mirija hiyo yamepangwa mapezi membamba ya shaba nyekundu. Matangi ya juu na chini pia ni ya shaba ya njano. Vyote huunganishwa kwa lehemu, ambayo kwa miaka mingi imekuwa mchanganyiko wa risasi na bati.

Kuanzia miaka ya 1970 watengenezaji wa magari barani Ulaya walianza kuhamia kwenye alumini. Mirija na mapezi huunganishwa ndani ya tanuri lenye joto la takriban nyuzi 600 za Selsiasi, bila risasi. Nyingi huwekewa matangi ya plastiki ngumu, yaliyobanwa kwa meno ya bati juu ya mpira wa kuzuia uvujaji. Chache, ambazo ni ghali zaidi, zina matangi ya alumini yaliyochomelewa.

Sababu kubwa ya mabadiliko hayo ilikuwa uzito na bei. Kwa ujazo uleule, alumini ina uzito usiofikia theluthi moja ya ule wa shaba. Tofauti ya bei nayo ni kubwa: mwezi Mei 2024 tani moja ya shaba ilivuka dola 11,000 za Marekani katika soko la metali la London, wakati alumini ilikuwa chini ya dola 3,000.

Ipi inapoza zaidi?

Kwa metali peke yake, shaba hushinda. Shaba safi hupitisha joto kwa takriban mara moja na nusu zaidi ya alumini safi. Lakini rejeta si kipande kimoja cha metali. Shaba ya njano ya mirija hupitisha joto kidogo kuliko hata alumini, na lehemu hupitisha kidogo zaidi ya hapo. Alumini nayo huruhusu mirija mipana inayogusana na mapezi kwa eneo kubwa. Hivyo basi, rejeta ya alumini iliyoundwa vizuri huweza kupoza sawa na ya shaba, au hata kuizidi.

Kinachoamua zaidi ni ukubwa wa uso wa rejeta, wingi wa mapezi na hewa inayopita. Lori linalopanda Kitonga na mzigo hutembea polepole mno kiasi kwamba upepo wa mwendo hausaidii. Hewa karibu yote huletwa na feni. Lori kuukuu lililopoteza kava la feni, ambalo huielekeza hewa kwenye rejeta, litachemsha hata likifungwa rejeta ya dhahabu.

Mwinuko nao una lake. Maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, lakini Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu, huchemka kwa takriban nyuzi 95. Mfuniko wa rejeta hufidia kwa kuongeza shinikizo: mfuniko wa paundi 7 hupandisha kiwango cha kuchemka kwa takriban nyuzi 11. Ikumbukwe kuwa mfuniko wenye nguvu kuliko ule uliokusudiwa huweza kupasua maungio ya lehemu ya rejeta kuukuu.

Unamimina nini?

Hapa ndipo uchaguzi unapoamuliwa. Alumini hujilinda kwa utando mwembamba sana unaojitengeneza juu yake. Chumvi huutoboa utando huo, na shimo dogo likishaanza huendelea hadi upande wa pili wa mrija. Ndiyo sababu rejeta ya alumini huhitaji kipozeo, maarufu madukani kwa jina la kulanti, kilichochanganywa na maji safi kwa kipimo na kubadilishwa kwa wakati.

Malori mengi ya zamani hayaishi maisha hayo. Likianza safari Dar es Salaam hujazwa maji ya kisima, ambayo maeneo mengi ya jiji hilo yana chumvi. Likifika njiani huongezwa maji ya mtoni au ya bomba. Kwa matumizi kama hayo, rejeta mpya ya alumini huweza kutoboka mapema mno.

Shaba huvumilia zaidi, ingawa nayo ina mipaka. Maji matupu huleta kutu kutoka kwenye injini ya chuma, na kutu hiyo huziba mirija. Lehemu nayo huliwa na kuacha ukoko mweupe au wa kijani. Hivyo hata mwenye rejeta ya shaba anahitaji kipozeo, ila achague kinachofaa kwa mifumo yenye lehemu. Baadhi ya vipozeo vya kisasa vya muda mrefu viliundwa kwa ajili ya alumini, na havilindi risasi ipasavyo. Maelezo ya chupa yasomwe; rangi pekee si ushahidi.

Umeme ni adui mwingine wa alumini. Waya wa kurudisha umeme ukilegea, kama ilivyo kawaida katika malori yaliyofungwa taa na redio kienyeji, umeme hutafuta njia kupitia kwenye maji na kuila rejeta. Fundi umeme hupima kwa kugusisha mita kwenye kipozeo na kwenye ncha hasi ya betri wakati injini inaunguruma na vifaa vimewashwa. Kipimo kinachozidi volti 0.1 ni dalili kwamba kuna waya wa kurekebishwa kwanza.

Nani ataitengeneza?

Rejeta ya shaba ikitoboka, fundi mwenye moto, tindikali na lehemu huiziba kwa muda mfupi, na mafundi wa namna hiyo wapo karibu kila mji wa njiani. Tindikali hiyo ioshwe vizuri baada ya kazi, la sivyo huendelea kuila shaba. Kadhalika, moshi na vumbi la risasi ni sumu; kazi hiyo ifanyike penye hewa, mbali na watoto. Rejeta kuukuu isigeuzwe chombo cha maji ya kunywa wala mtambo wa pombe.

Alumini huhitaji mashine ya kuchomelea kwa gesi ya agoni na mkono uliozoea metali nyembamba. Tangi la plastiki likipasuka, gundi hukufikisha karakana tu. Fremu ya lori kuukuu hujipinda kwenye barabara mbovu, na mtikisiko huo hupasua plastiki iliyokaushwa na joto. Anayeamua kufunga aina hii ahakikishe imekaa juu ya raba nzima, isiyogusa fremu.

Njia ya tatu

Wengi husahau kwamba si lazima kununua rejeta nzima. Kama matangi ya shaba na fremu yake bado ni imara, fundi huweza kuondoa sehemu ya mirija na mapezi na kuweka mpya. Kama tatizo ni kuziba tu, hufungua tangi la juu na kupitisha fimbo bapa katika kila mrija. Faida yake ni kwamba vipimo vya awali, sehemu za kufungia na nafasi ya feni havibadiliki.

Kabla ya kutoa fedha

Kwanza, hakikisha rejeta ndiyo mgonjwa. Angalia mkanda wa feni, pampu ya maji, themostati, mipira na mfuniko. Pili, kwangua rangi mahali padogo: shaba huonekana nyekundu au njano, alumini huonekana nyeupe. Sumaku haisaidii, kwani hainasi shaba wala alumini. Tatu, pima unene na uso wa mirija, usipime fremu ya nje pekee. Nne, patana mapema kwamba rejeta ya zamani ni mali yako. Shaba ina soko zuri kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na thamani yake huweza kupunguza gharama ya mpya.

Uamuzi

Kwa lori kuukuu linalofanya safari ndefu, linalokunywa maji yoyote na kutengenezwa popote, shaba bado ndiyo chaguo la busara, hata ikiwa ghali zaidi. Na kufufua ile ya awali mara nyingi hushinda kununua mpya. Alumini inamfaa mwenye lori anayejaza kipozeo sahihi bila kukosa, aliyerekebisha nyaya zake na ambaye lori lake halikai mbali na karakana.

Barabara hiyohiyo ya Kitonga ndiyo inayopitisha malori yaliyobeba shaba ya Zambia na Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam. Mwenye lori anayetaka lake lifike salama hana budi kujua, kabla ya kuingia dukani, ni maji gani dereva wake atamimina siku atakapokwama njiani.