Kabla ya Nice Palikuwa na Basel

Mwaka 2026 unatimiza miaka 120 tangu mtambo wa Bon Voyage, katika mji wa Nice nchini Ufaransa, uanze kusafisha maji ya kunywa kwa ozoni, gesi inayotokana na oksijeni iliyopigwa na umeme. Nice husifiwa kama chimbuko la kazi hiyo. Sifa hizo zimezidi: Oudshoorn, Uholanzi, ilitangulia mwaka 1893, na chombo cha kuzalisha ozoni kilibuniwa na Mjerumani Werner von Siemens mwaka 1857.

Anayesahaulika ni Christian Friedrich Schönbein, profesa wa kemia mjini Basel, Uswisi. Mwaka 1839, akitenganisha maji kwa umeme, alisikia harufu ileile ya mashine za cheche za umeme: ilikuwa ya ozoni. Mholanzi Martinus van Marum aliisikia mwaka 1785, akaendelea na mambo yake. Schönbein aliing'ang'ania mpaka kufa.

Na kung'ang'ania kulimponza. Historia ya ozoni aliyoichapisha Mordecai Rubin mwaka 2001 inamwonyesha akibishana na wanasayansi wenzake wa Ulaya. Alidhani ndani ya gesi hiyo mna haidrojeni. Mwaka 1845 de la Rive na Marignac wa Geneva wakaipata kwa kupitisha cheche katika oksijeni tupu, isiyo na haidrojeni. Alipokubali hilo, akazua jingine: kwamba ozoni ina pacha wake wa kinyume, "antozoni". Wapo waliomwamini, akiwamo Georg Meissner wa Göttingen. Schönbein alifariki mwaka 1868. Miaka miwili baadaye wanakemia Engler na Nasse wakathibitisha kwamba antozoni ni haidrojeni peroksaidi tu.

Antozoni ikatupwa. Mapema mno!

Ozoni yenyewe nayo ilipata mpinzani katika kusafisha maji: klorini ilishuka bei baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na kwa kuwa hubaki ikilinda maji ndani ya mabomba, ilitawala karibu kote. Ozoni haidumu hivyo.

Hata hivyo utafiti haukukoma. Mwaka 1987 watafiti Clements, Sato na Davis walichapisha majaribio ya kupiga umeme wa volti nyingi ndani ya maji yenyewe. Humo huzaliwa chembe kali za haidroksili, zinazovunja rangi na sumu za viwandani, pamoja na peroksaidi. Ozoni na peroksaidi zikikutana majini, haidroksili huongezeka, na mitambo kadhaa ya maji huzichanganya makusudi. Pacha aliyetupwa ana kazi.

Watakaoadhimisha miaka 120 ya mtambo wa Nice wamtaje Schönbein kwanza, Siemens baadaye.